Penseli ya Mei 2019: wapigakura wa Uingereza walipovikana vyama vyao

Kura ya Uingereza hupigwa kwa penseli. Unaingia kwenye ukumbi wa kanisa au darasa la shule ya msingi, unataja jina na anwani yako, unapewa karatasi, unakwenda kwenye kibanda ambako mara nyingi penseli fupi imefungwa kwa uzi, unaweka alama ya X na kuitumbukiza karatasi sandukuni. Hakuna wino kidoleni, na mwaka 2019 sehemu nyingi hawakukudai hata kitambulisho. Alhamisi ya tarehe 2 Mei mwaka huo, katika uchaguzi wa madiwani huko England, wako walioshika penseli hiyo na kuacha kuweka X. Waliandika neno "Brexit", yaani kujitoa kwa Uingereza katika Umoja wa Ulaya, kwa herufi kubwa, likakatiza majina ya wagombea wote. Wengine waliandika "wasaliti".

Kura ya namna hiyo huhesabiwa kuwa imeharibika, lakini haitupwi bila kusomwa. Karatasi yenye utata hupelekwa kwa msimamizi wa uchaguzi, naye huamua ihesabiwe au ikataliwe huku wagombea na mawakala wa vyama wakichungulia. Kwa hiyo mtu aliyevikatia tamaa vyama vyote alikuwa amepata njia ya kuviandikia barua, na wenyewe wakalazimika kuisoma.

Kisa ninachokichambua hapa ni cha wiki tatu tu, kutoka Alhamisi hiyo hadi Alhamisi ya tarehe 23 Mei, siku Waingereza walipochagua wabunge wa Bunge la Ulaya, bunge ambalo kwa ahadi waliyopewa hawakutakiwa kuwa ndani yake tena. Katika wiki hizo vyama viwili, Conservative na Labour, vilivyopokezana utawala wa nchi kwa karibu karne nzima vilishushwa hadi pasipowahi kufikiriwa. Brexit imezoeleka kusimuliwa kama habari ya Ulaya, wahamiaji na biashara. Mimi wiki zile tatu nazisoma kama habari ya mpigakura na chama chake. Mpigakura hakuwa amechoka na siasa, kwani mtu aliyechoka na siasa hubaki nyumbani, haendi kituoni kuandika matusi. Alikuwa amechoka na kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 23 Juni 2016 watu milioni 17.4 walichagua kujitoa katika Umoja wa Ulaya, na milioni 16.1 wakachagua kubaki. Ni asilimia 51.9 kwa 48.1, katika kura ambayo asilimia 72 ya walioandikishwa walijitokeza. Swali lilikuwa moja na majibu mawili. Lakini "kujitoa" lilikuwa neno lenye milango mingi: kujitoa na kubaki katika soko la pamoja, kujitoa na kubaki katika umoja wa forodha, kujitoa bila mkataba wowote. Kila aliyepiga kura ya kujitoa alikuwa na mlango wake kichwani, na hakuna aliyemuuliza ni upi.

Hapo ndipo vyama vilipotakiwa kufanya kazi yake. Chama, kwa maoni yangu, kipo ili kulipokea tamko la jumla kama lile, kuligeuza kuwa mpango, na kuwaambia watu gharama yake. Mwaka 2017 palikuwa na nafasi nzuri ya kufanya hivyo. Theresa May, Waziri Mkuu, aliitisha uchaguzi wa mapema mwezi Juni, na ilani ya Conservative ikasema nchi itatoka katika soko la pamoja na umoja wa forodha. Ilani ya Labour ikasema chama kinayakubali matokeo ya kura ya maoni, na papo hapo kitatilia mkazo kuzihifadhi faida za soko hilohilo. Isome tena sentensi hiyo ya Labour. Aliyetaka kutoka aliona humo ahadi yake, na aliyetaka kubaki naye akaiona yake.

Vyama hivyo viwili vilipata zaidi ya asilimia 82 ya kura zote, kiwango ambacho hakikuwa kimefikiwa tangu 1970. Kwa nje ilionekana kama vimerudi katika enzi zake. Nadhani kosa kubwa lilianzia hapa, kwamba viongozi waliihesabu ile asilimia 82 kuwa ni imani. Ilikuwa amana. Watu waliweka kura zao kwa vyama wakisubiri kuona nani atasema ukweli.

May alipoteza wingi wake wa viti na kulazimika kuegemea wabunge 10 wa DUP, chama kidogo cha Ireland Kaskazini. Kwa mwaka mmoja na nusu serikali yake ilijadiliana na Brussels, makao makuu ya Umoja wa Ulaya, huku mawaziri wakijadiliana wao kwa wao. Mkataba uliopatikana Novemba 2018 ulikwama kwenye mpaka wa Ireland: namna ya kuiacha njia wazi kati ya Kaskazini na Jamhuri bila kuifunga Uingereza nzima kwenye kanuni za forodha za Ulaya. Lilikuwa swali la kweli na gumu, na halikuwa geni kwa mtu yeyote aliyetazama ramani. Lakini mwaka 2016 wapigakura walisikia machache mno kulihusu, na mwaka 2018 likaja kuwaangukia kama jiwe la paa.

Januari 15, 2019 wabunge waliukataa mkataba kwa kura 432 dhidi ya 202. Tofauti ya kura 230, ambayo hakuna serikali ya Uingereza iliyowahi kushindwa kwa kiasi hicho bungeni. Machi 12 wakaukataa tena, 391 kwa 242. Machi 29, siku ileile nchi ilipotakiwa iwe inaondoka, wakaukataa mara ya tatu, 344 kwa 286.

Katikati ya hayo Bunge likajaribu kutafuta njia lenyewe. Jioni ya Machi 27 wabunge walipewa mapendekezo manane, kuanzia kuondoka bila mkataba hadi kura ya maoni ya pili. Waliyakataa yote manane. Aprili mosi wakajaribu manne, nayo yote yakaanguka, lile la umoja wa forodha likianguka kwa tofauti ya kura tatu tu, 273 kwa 276. Mbunge Nick Boles wa Conservative, mwenye pendekezo jingine kati ya yale manne alilolipigania kwa miezi, alisimama palepale akasema amejitahidi kutafuta maelewano na chama chake kimekataa kuelewana na mtu, hivyo hawezi tena kukaa upande huo. Akachukua makabrasha yake, akatoka. Ukiitazama picha ya video ya dakika ile, unawasikia wenzake wakimwambia asiondoke. Nimeitazama mara kadhaa. Sijui picha nyingine ya majira yale inayoonyesha vizuri zaidi jinsi hata waliokuwa ndani ya vyama walivyokuwa wamechoka navyo.

Hakuwa wa kwanza. Februari wabunge saba wa Labour walikuwa wamekihama chama chao, na siku mbili baadaye wanawake watatu wa Conservative, Anna Soubry, Sarah Wollaston na Heidi Allen, wakaungana nao. Kundi hilo ndilo lililokuja kujiita Change UK.

Usiku wa Machi 20, May alikuwa amelihutubia taifa kwenye televisheni. Aliwaambia wananchi kwamba wamechoka, kwamba yeye yuko upande wao, na kwamba wabunge ndio waliokataa kuamua. Kuna waliomhurumia. Lakini hebu fikiri maana ya Waziri Mkuu, kiongozi wa chama kikubwa kuliko vyote bungeni, kuwaambia raia kwamba tatizo ni Bunge. Alikuwa akiwapa ruhusa ya kuwachukia watu waliowachagua wenyewe, wakiwemo wa chama chake. Wiki sita baadaye ruhusa hiyo ilitumika kwa penseli.

Uchaguzi wa madiwani wa Mei 2 haukuhusu Ulaya hata kidogo. Diwani hushughulika na taka, mashimo ya barabarani, maktaba na vibali vya ujenzi. Hata hivyo Conservative ilipoteza viti zaidi ya 1,300 kwa siku moja. Kwa kawaida viti vinavyopotezwa na chama tawala huangukia mikononi mwa chama kikuu cha upinzani. Safari hii Labour nayo ilipoteza zaidi ya 80. Walioneemeka ni Liberal Democrats, walioongeza zaidi ya viti 700, Chama cha Kijani, na wagombea binafsi ambao hawakuwa na chama chochote. UKIP, chama kilichoipigania Brexit kwa robo karne, nacho kilipoteza viti zaidi ya 100.

Viongozi wa pande zote mbili wakajitokeza na tafsiri moja: wananchi wanatuambia tuimalize Brexit. Tafsiri hiyo ilinishangaza wakati ule na bado inanishangaza. Liberal Democrats na Kijani walikuwa wakitaka nchi ibaki Ulaya. Vipi kura kwa vyama hivyo iwe ni wito wa kuharakisha kuondoka? Karatasi zilizoandikwa "Brexit" zilikuwa na ujumbe mmoja, kura kwa Liberal Democrats zilikuwa na ujumbe wa kinyume chake, na kura kwa mgombea binafsi wa kijijini zilisema jambo la tatu. Kilichowaunganisha wote ni kwamba hawakutaka kupita kwenye milango ile miwili mikubwa. Vyama viliposikia sauti tatu zikisema "si ninyi", viliripoti sauti moja ikisema "haraka".

Ndipo tunafika Mei 23.

Serikali ilikuwa imesisitiza kwamba uchaguzi wa Ulaya hautafanyika, kwa kuwa nchi ingekuwa imeshaondoka. Baada ya kuomba kuongezewa muda mara mbili, hadi Oktoba 31, ililazimika kuufanya. Uthibitisho rasmi kwamba utafanyika ulitolewa Mei 7. Siku hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kujiandikisha. Wananchi wa nchi nyingine za Ulaya waishio Uingereza walitakiwa pia wajaze fomu ya ziada kutangaza kwamba hawatapiga kura katika nchi zao. Wengi hawakuijua, au waliipata wakiwa wamechelewa. Walikuwa wamepiga kura ya madiwani wiki tatu kabla, kwenye kituo kilekile. Mei 23 walipofika walikuta majina yao kwenye daftari yakiwa yamepigwa mstari, wakarudishwa nyumbani.

Hapa kuna jambo linalotugusa. Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mnyarwanda anayeishi kihalali Uingereza ana haki ya kupiga kura huko kwa sababu nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Alikuwa nayo katika kura ya maoni ya 2016, wakati Mpolandi au Mreno aliyeishi mtaa huohuo kwa miaka ishirini hakuwa nayo. Na Mei 2019 Mtanzania yule hakudaiwa fomu yoyote ya ziada. Kwa hiyo ndugu zetu wa Reading, Leicester au London Mashariki hawakuwa watazamaji wa kisa hiki. Walikuwa na karatasi mkononi, na kura yao ilikuwa na uzito sawa na ya Mwingereza yeyote katika uamuzi uliohusu maisha ya jirani aliyekatazwa kusema neno.

Karatasi yenyewe ilikuwa ndefu, yenye majina ya vyama vingi na alama ya chama pembeni ya jina, na mbele ya kila jina kisanduku cha kuweka X. Chama cha Brexit cha Nigel Farage, kilichozinduliwa Coventry Aprili 12, wiki sita tu kabla, kilikuwa na alama yenye umbo la mshale. Mshale huo ulielekea kulia, yaani moja kwa moja kwenye kisanduku. Change UK walipeleka alama yao kwa Tume ya Uchaguzi, nayo ikakataliwa kwa kuwa herufi zilizomo hazingeeleweka kwa wapigakura. Hivyo chama kimoja kipya kiliingia na mshale, kingine kikaingia na nafasi tupu pembeni ya jina lake. Siamini kwamba mchoro huamua uchaguzi. Lakini kila nikikumbuka karatasi ile naona tofauti kati ya watu waliojua wanataka mpigakura afanye nini na watu waliojua tu wanakimbia nini.

Farage hakutoa ilani kabla ya kura. Alisema neno hilo limeshachafuka kwa uongo. Liberal Democrats kwa upande wao waliweka kwenye jalada la ilani yao neno la mtaani ambalo mzazi asingependa mtoto alisome, wakiitukana Brexit waziwazi. Vyama hivi viwili havikukubaliana hata kwa nukta moja. Vilifanana kwa kitu kimoja tu, kwamba mpigakura aliyesimama kibandani hakuhitaji mkalimani.

Labour ilihitaji wakalimani wengi. Takriban theluthi mbili ya wapigakura wake walikuwa wametaka kubaki, ilhali majimbo yake mengi yalikuwa yametaka kuondoka. Ni mtihani mgumu na sitaki kuupuuza, kwa maana chama hicho kilikuwa na wanafunzi wa Cambridge na wastaafu wa migodi ya Durham chini ya paa moja. Mkutano wake mkuu wa Septemba 2018 huko Liverpool ulipitisha azimio lililoweka kila njia mezani, pamoja na kura ya pili ya wananchi, bila kuchagua hata moja. Kisha Aprili uongozi ukaingia katika mazungumzo na May, na yakavunjika Mei 17, siku sita kabla ya kura. Mshika mbili moja humponyoka. Labour ilishika mbili, na zote mbili zikaiponyoka siku moja.

Matokeo yalitangazwa Jumapili usiku, Mei 26. Kwa England, Scotland na Wales, Chama cha Brexit kilipata karibu asilimia 32 na viti 29. Liberal Democrats asilimia 20 na viti 16. Labour asilimia 14, viti 10. Kijani asilimia 12, viti 7. Chama cha Conservative, chama tawala, kilikuwa cha tano kwa asilimia 9 na viti 4. Jumlisha vyama viwili vikubwa: kutoka asilimia 82 hadi 23 ndani ya miaka miwili. Kaskazini Mashariki, ngome ya Labour tangu enzi za makaa ya mawe, Farage aliongoza. Islington, mtaa wa Jeremy Corbyn mwenyewe, kiongozi wa Labour, waliongoza Liberal Democrats. May alikuwa ameshatangaza Mei 24 kwamba anajiuzulu.

Alastair Campbell, msemaji wa zamani wa Tony Blair, Waziri Mkuu wa zamani wa Labour, alikiri hadharani kwamba alipigia Liberal Democrats. Labour ikamfukuza uanachama. Conservative ilikuwa imeshamwondolea Michael Heseltine, naibu waziri mkuu wa zamani, nafasi katika kundi lake la Baraza la Malodi kwa kutangaza nia hiyohiyo. Adhabu hizo zilikuwa halali kwa kanuni za vyama. Lakini mamilioni ya watu wa kawaida walikuwa wametenda kosa lilelile siku hiyo, na hakukuwa na barua ya kuwafukuza wote.

Ni kweli, na lazima isemwe, kwamba ni asilimia 37 tu ya walioandikishwa waliopiga kura Mei 23. Wapo wanaosema basi hiyo ilikuwa kelele ya wachache. Nakubali nusu. Uchaguzi wa Ulaya siku zote uliwavutia wachache, na 2014 idadi ilikuwa ndogo zaidi. Kilichobadilika ni kanuni ya kuhesabu. Viti vya Ulaya viligawanywa kwa uwiano wa kura, hivyo chama kilichopata moja ya tano ya kura kilipata karibu moja ya tano ya viti. Katika uchaguzi mkuu mshindi wa jimbo huchukua chote na wengine huondoka mikono mitupu. Mei 23 Mwingereza alipewa karatasi ambayo kura ya moyoni mwake haikupotea bure. Aliitumia kama mtu aliyefunguliwa dirisha kwenye chumba chenye moshi.

Wiki mbili baadaye, Juni 6, jimbo la Peterborough lilifanya uchaguzi mdogo kwa kanuni ya zamani. Labour ilishinda kwa asilimia 31 tu ya kura, ikikipita Chama cha Brexit kwa kura 683. Viongozi wakapumua. Desemba 12 uchaguzi mkuu ukafanyika. Boris Johnson, aliyemrithi May, alikuwa na maneno mafupi: tuimalize Brexit. Farage akaondoa wagombea wake katika majimbo 317 yaliyokuwa ya Conservative, nacho chama hicho kikapata viti 365. Labour iliangukia viti 202, vichache kuliko wakati wowote tangu 1935. Bolsover, jimbo la migodi ambalo Dennis Skinner wa Labour alilishikilia tangu 1970, likaenda Conservative. Kati ya wabunge wa Change UK waliosimama, hakuna hata mmoja aliyerudi bungeni.

Wengi walisema basi hasira imekwisha, watu wamerudi nyumbani kwa vyama vyao. Sikuona hivyo. Mchimbaji mstaafu wa Bolsover hakurudi nyumbani. Alikwenda kulala kwa jirani kwa usiku mmoja kwa sababu jirani alimwahidi jambo moja lililo wazi. Uchunguzi wa wataalamu wa uchaguzi wa miaka ile ulionyesha kwamba Waingereza walijitambulisha kwa nguvu zaidi kama watu wa Kujitoa au watu wa Kubaki kuliko kama watu wa chama fulani. Johnson aliwapata watu wa Kujitoa. Hakuwafanya watu wa Conservative.

Januari 31, 2020, saa tano usiku kwa saa za London, nchi iliondoka. Mwaka uliofuata Chama cha Brexit kilibadili jina na kuwa Reform UK. Julai 2024 uchaguzi mkuu mwingine ulifanyika. Waliojitokeza walikuwa asilimia 60. Labour ilishinda viti zaidi ya 400 kwa asilimia 34 ya kura, Bolsover ikiwamo, na Reform ikapata asilimia 14 na viti vitano. Conservative na Labour kwa pamoja walipata asilimia 57.